Pikipiki Ilikuwa Kiminini, Mimi Nilikuwa Bungoma

Zimeni injini kidogo, vijana. Mimi ni Spoku. Wale wa stendi ya Kitale wananijua, na wale wa Bungoma baba zao walinijua. Nilibeba watu kwa baiskeli pale Bungoma, halafu nikabeba kwa pikipiki pale Kitale, mpaka huu mguu wa kushoto ukakataa kazi. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe mwendelee.

Kuna karatasi niliwekewa mezani na wakili, ati nikitia sahihi nitapewa pole ya maana, na mimi nisitaje jina la mtu tena. Nilimwambia yule wakili kalamu yake ni nzuri sana lakini mkono wangu unauma. Mkono ulikuwa mzima kabisa. Kwa hivyo nataja. Aliyetoa habari zangu ni Dismas, kijana wa ofisi ya traka, hiyo nitawaeleza. Aliyezisambaza ni Kundu, mwenye duka la mabati na misumari pale Kiminini. Wote wako hai, wanakula vizuri, na wakisoma hapa wajue mimi pia nakula vizuri.

Nawaambia haya sasa kwa sababu kila nikifungua redio nasikia watu wanabishana. Ati polisi waangalie simu ya mtu bila korti au wasiangalie. Ati hizi apu zinachukua majina ya watu wote kwa simu yako, ni halali au ni wizi. Halafu kijana mmoja anapiga simu redioni anasema, "Kama huna kitu cha kuficha, unaogopa nini?" Kijana, mimi sikuwa na kitu cha kuficha. Nilikuwa na magoti mawili, na niliogopa kwa ajili ya hayo.

Wacha nianze na Mzee Barasa, kwa sababu bila yeye singejua kazi. Alinifundisha baiskeli pale Bungoma, wakati abiria walikuwa wanashuka kwa treni na mizigo na sisi tunawangojea na viti vyetu vya sponji vyenye vitambaa vya maua. Mnadhani alinifundisha kukanyaga? Kukanyaga nilijua. Alinifundisha kufunga mdomo.

"Spoku," aliniuliza siku moja, "yule mwalimu umemshusha wapi?"

"Kwa yule mama wa ushonaji, kule Kanduyi."

Akanizaba kofi ya kisogo, ile ya upole, ya kuamsha. "Nimekuuliza nione kama utasema. Umesema. Sasa mimi najua, na mke wake ni binamu yangu. Mimi nifanye nini na hii habari?"

Akaniambia mtu akipanda nyuma yako ameufanya mgongo wako ukuta wake. Mama akitaka kushuka, usimshushe mlangoni, mpitishe kidogo, arudi kwa miguu, maana labda hataki mlango wake ujulikane, na labda hataki wewe uujue. Mtu akikuuliza umembeba nani, mwambie umebeba watu wengi. Akiuliza mara ya pili, mwulize kama anataka kupanda. Askari akiuliza na ana sababu, mjibu kile umeona kwa macho yako, usiongeze chumvi. Mzee Barasa alijua nani ana mke wa pili kule Bokoli, nani anaenda kwa daktari gani, nani amehama kanisa na bado hajamwambia pasta. Alizikwa na hayo yote. Watu kwa matanga yake walilia sana, na wengine mimi najua walikuwa wanashukuru.

Sasa ilipofika wakati wa pikipiki, nikahamia Kitale, nikachukua moja ya mkopo. Hapo ndipo nilipewa traka. Kwa wale hamjui, traka ni kidude kinafichwa chini ya kiti, kinamwambia aliyekukopesha pikipiki iko wapi saa hii na jana ilikuwa wapi. Mimi sikukataa. Pikipiki si yangu mpaka nimalize, na wezi ni wengi, mwenye mali achunge mali yake. Walinipiga picha ya pasipoti, wakachukua kitambulisho, wakachukua namba. Mpiga picha alisema nisicheke. Nikatoa macho. Hiyo picha hata mimi nikiiangalia namshuku huyo mtu.

Shida ilikuwa Dismas. Dismas alikuwa anakaa kwa hiyo ofisi, ameajiriwa kuangalia ramani, na hakuwa amepitia kwa Mzee Barasa. Alikuwa anatuangalia kama mtu anaangalia kuku wake. Siku moja nilipeleka pikipiki kwa fundi wa kuchomelea, stendi yake, ile ya kuisimamisha, imekatika. Huyo fundi amepakana na baa, ukuta mmoja. Nikakaa hapo mchana mzima nikingoja stima irudi achomee. Kufika nyumbani, mke wangu hasalimii.

"Baa ilikuwa tamu?" akaniuliza.

"Baa gani, Mama Nekesa?"

"Kijana wa ofisi amepiga. Ameuliza kama pikipiki imeharibika, maana imelala kwa baa tangu asubuhi."

Nilimwonyesha stendi kwa pikipiki, bado ina harufu ya kuchomwa. Akainusa, halafu akaninusa mimi. Nilipona kwa sababu nilikuwa na harufu ya moshi. Ile ramani haikujua ukuta. Na Dismas alipiga kwa mke wangu kwa nini? Ile namba niliandika ya mtu wa kutafutwa nikipata ajali. Nilienda kumwambia. Alicheka, akasema, "Mzee, tunakujali." Kumbukeni hicho kicheko.

Kitu kingine lazima mkijue ndipo muelewe, na nyinyi mnakifanya mpaka leo, nimewaona. Mtu wa stendi akiwa na shughuli, halazi pikipiki. Anampa mwenzake ashikilie. Na hampi pikipiki peke yake. Anampa na simu, kwa sababu wateja wamezoea ile namba. Mteja akipiga, huyo mwenzake haanzi kueleza ati Spoku hayuko, mimi ni fulani. Mteja ataita mwingine. Anasema tu, "Ndiyo, ni mimi, nakuja." Mteja akiona ni uso mwingine, hana shida, ameshafika. Ndivyo tulifanya miaka yote. Simu yangu ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, haina picha haina nini, inalia tu. Aliyekuwa ananishikilia ni Masika, rafiki yangu, mtu mpole, anaendesha kama amebeba mayai hata akiwa amebeba simiti.

Jumamosi moja tulikuwa tunapokea ng'ombe za mahari za binti ya dada yangu, kule Bungoma. Mimi ndiye mjomba, siwezi kukosa. Nikampa Masika pikipiki, nikampa simu, nikapanda gari nikaenda. Huko nilikula, nikabishana juu ya ng'ombe mmoja aliyekuwa na macho ya huzuni, nikalala kwa dada. Jumapili asubuhi nikaenda nao kanisani, mchana nikapanda gari kurudi Kitale. Nilikuwa na furaha, nimebeba nyama imefungwa kwa karatasi.

Kumbe huko nyuma mambo yamechemka. Ile Jumamosi, nyumbani kwa Kundu kulipotea televisheni kubwa na mtungi wa gesi. Jirani akasema aliona pikipiki imesimama muda mrefu nje ya geti. Kundu hakwenda polisi. Alikwenda kwa Dismas, ambaye ni mtoto wa dada yake. Dismas akafungua ramani, akatafuta ni pikipiki gani ilisimama kwa lile geti, akapata ni yangu. Akapiga picha ramani, akachukua na ile picha yangu ya kutoa macho, majina yote matatu, namba ya simu, akamtumia mjomba wake. Hakudai barua ya polisi, hakuuliza mkubwa wake. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mkubwa wake alikuwa anaimba kwaya.

Kundu naye, kabla hajaniweka kwa mtandao, alinipigia ahakikishe. Masika akashika, kama desturi.

"Wewe ni Spoku?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Jana mchana ulikuwa Kiminini?"

"Nilikuwa. Leo unataka nikuchukulie wapi?"

Kundu akakata simu. Masika akadhani mteja kredo ya kupigia imeisha.

Kabla watu watoke kanisani, picha yangu ilikuwa kwa magrupu ya Kiminini, ya Kitale, ya wazazi wa shule, ya wauza viazi, mpaka grupu moja ya kuombea wagonjwa. Chini yake Kundu aliandika: HUYU NDIYE MWIZI. AMEKUBALI MWENYEWE. UKIMWONA KAMATA, USINGOJEE POLISI. Mimi sikuwa na simu. Kitale nzima, mimi peke yangu ndiye sikuwa nimeona.

Nikashuka kwa gari pale stendi ya Kitale. Nikasalimia mama wa mahindi choma, "Sasa mama." Hakuitika, alikuwa anaangalia simu, halafu ananiangalia mimi, halafu simu. Nikadhani labda nina kitu kwa meno, ile nyama. Kijana mmoja akasema, "Ndiye huyu." Akaniuliza, "Wewe ni Spoku?" Nikasema ndiyo, nikitabasamu, nikijua ni mteja.

Sitawaeleza kila kitu. Nitawaambia tu kwamba watu wanaokupiga ni watu unaowajua. Mmoja nilimpeleka mke wake hospitali kujifungua, bure, kwa mvua. Nilimwita kwa jina. Akanipiga zaidi, nafikiri kwa sababu nilimwita kwa jina. Mguu ulivunjika kwa jiwe la kuzuia gari. Nilikuwa nasema, "Nilikuwa Bungoma, nilikuwa Bungoma," na wao wananionyesha ramani kwa simu. "Ona, hii ni pikipiki yako. Hii ni namba yako. Bungoma iko wapi hapa?" Kundu mwenyewe alishafika, amesimama na suti ya kanisa. Mtu mmoja alikuwa ameenda kutafuta petroli. Hilo nililisikia vizuri sana.

Basi nikasikia pikipiki. Injini yangu naijua, ilikuwa na kikohozi fulani kwenye gia ya pili. Ilikuja mbio, na Masika hajawahi kwenda mbio maishani. Nyuma yake amekaa mama mmoja, kilemba cha kanisa kimeteremka shingoni, kiatu kimoja hakuna. Ni mke wa Kundu.

Jina lake silitaji. Nimesema nataja wenye makosa, na yeye hana. Kitale inamjua na Kiminini inamjua, lakini kutoka kwangu hamlipati.

Alikuja mpaka katikati, akasimama kati yangu na mume wake.

"Baba watoto, huyu mtu mwacheni. Pikipiki niliiita mimi."

Kundu akasema, "Rudi nyumbani."

"Niliita ile namba yake. Alikuja huyu," akaonyesha Masika. "Alinisubiri kwa geti nikitafuta kitambulisho. Kisha akanipeleka na akanirudisha. Mimi ni mteja wao siku zote."

"Akupeleke wapi? Mimi nina gari. Ulikuwa unaenda wapi na pikipiki za watu?"

Nyinyi mnajua watu walikuwa wanangojea nini. Hata yule alikuwa amenishika kola alilegeza ili asikie. Mimi nilijua yule mama alikuwa anaenda wapi, maana nimempeleka mara nyingi, na nilikuwa nimelala chini na meno yana damu, na sikusema. Baadaye aliniambia Jumamosi jioni alisikia mambo ya pikipiki kwa geti, akanyamaza akidhani yatapita. Picha yangu aliiona kanisani wakati wa matangazo, akampigia Masika kwa ile namba, na waliposikia nimekamatwa wakaja.

"Driving," akasema. "Nimekuwa nikienda shule ya driving. Kila nikikuomba unifundishe unasema gari lina roho ya mwanamume, litakataa."

Sijui ni nani alicheka kwanza. Nafikiri ni mama wa mahindi. Halafu mwingine akauliza, "Bwana Kundu, kweli ulisema hivyo?" Halafu ikawa ni kicheko kote, na nawaambia, vijana, hakuna mtu anaweza kuchoma mwenzake akiwa anacheka. Yule wa petroli alifika na mtungi akakuta watu wameshika mbavu, akauliza, "Nani amesema nini?" Masika alikuwa amepiga magoti kando yangu analia, ati, "Spoku, nilisema ndiyo, ni mimi. Nilisema ni mimi."

"Ulifanya kazi vizuri," nikamwambia. Na ndivyo ilivyokuwa.

Televisheni ilipatikana wiki hiyo hiyo kwa mdogo wake Kundu. Alikuwa amealika majirani waje waone mpira, na jirani mmoja akasema ndiye alisukuma toroli iliyoileta. Huyo mdogo picha yake haikuwekwa popote. Waliongea kama familia. Mimi hilo ndilo linaniuma kuliko mguu, na sijifanyi limenitoka.

Dismas alihamishwa ofisi nyingine, kubwa kuliko ile. Msichana wangu Nekesa alinisaidia kupeleka malalamiko kwa wale wa serikali wanaoshughulikia habari za watu, maana sheria iko, mtu hawezi kuchukua picha uliyompa ya mkopo akaifanya ya mwizi. Afisa aliyenisikiliza alikuwa na adabu, alinipa chai. Ndipo ile ofisi ya traka ikaleta wakili na karatasi ya kunyamaza. Kesi bado inaendelea. Inaendelea kama Masika, polepole, lakini haijaanguka.

Kwa hivyo sikilizeni. Pikipiki mkabidhiane, hiyo ni kazi, lakini simu baki nayo. Weka ile ya kupeleka simu zinazopigwa kwa namba ya mwenzako, Nekesa anasema ni kubonyeza tu. Ukichukua mkopo, uliza ni nani ataangalia hiyo ramani, na akiiangalia anaandika wapi kwamba ameiangalia. Watakuona kama mzee msumbufu. Uliza tu. Na mtu akikutumia picha imeandikwa kamata, kabla ya kuituma mbele, jiulize nani alikuwa amekalia hiyo pikipiki. Na nyinyi wenyewe, pale mnapojipiga video na mteja nyuma yenu ili mpate watu wa kuwafuata mtandaoni, huyo mteja alikubali? Alilipa kupelekwa, hakulipa kuonyeshwa.

Sasa turudi nyuma kidogo, mguu ulikuwa umetibiwa lakini jina bado. Ile picha ilikuwa imefika mpaka Bokoli kwetu. Kundu alikuwa ameifuta kwa simu yake, akadhani ameimaliza. Nilikuwa nimelala hospitali Kitale na muuguzi mpya akaingia, akaniona, akahamisha mkoba wake. Nikamwambia mke wa Kundu alipokuja kunitembelea, "Mimi siwezi kwenda nyumbani Bokoli. Nitapita kila mahali na hii sura." Akasema siku ya kutoka nisipande gari la abiria.

Siku hiyo alikuja na gari lao, yeye akiwa kwa usukani, leseni ameibandika kwa kioo kama picha ya harusi. Kundu amekaa nyuma. Mimi nikawekwa mbele, mguu umenyooshwa, dirisha limefunguliwa lote. Nimepigwa na watu wengi, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa hiyo safari. Alikuwa anajua gia ya kwanza na ya pili. Ya tatu walikuwa hawajapatana.

Kiminini tulipita polepole, watu wanaangalia. Kufika Kamukuywa, katikati ya soko, ng'ombe akavuka, yule mama akakanyaga breki, gari likazima. Akawasha, likazima. Magari nyuma yanapiga honi. Vijana wa pikipiki wakakaribia, mmoja akainama dirishani.

"Si huyu ni yule mwizi wa televisheni?"

Yule mama hakugeuka. Akasema, "Baba watoto, teremka usukume. Na mjibu kijana."

Kundu akashuka na viatu vyake vya kung'aa. Akaweka mikono kwa buti ya gari, akasukuma, gari halitoki. Wale vijana wamesimama tu, hawasaidii, wanangojea.

"Si mwizi," Kundu akasema.

"Nini?"

"Si mwizi. Mimi ndiye niliweka ile picha. Nilikosea mtu."

"Rudia, mzee, honi ni nyingi," yule kijana akasema, na akatoa simu.

Kundu aliniangalia kupitia kioo cha nyuma. Alitaka nimwambie kijana arudishe simu mfukoni, na ni mimi peke yangu ningeweza. Nilimwona kwa kile kioo kidogo, jasho limeingia kwa kola, na nikajua vile picha yake itasafiri mpaka jioni kwa magrupu, ya wazazi wa shule, ya wauza viazi, ya kuombea wagonjwa.

"Kijana," nikasema, "weka simu. Wewe umemsikia, na hawa wamemsikia. Sasa njooni mumsaidie kusukuma."

Walikuja. Gari likakohoa, likashika, na yule mama akaondoka nalo kwa gia ya kwanza bila kumngojea mume wake, kwa sababu alisema akisimama tena halitawaka. Tulimwacha Kundu katikati ya soko la Kamukuywa, anatufuata mbio mbio, na kila anayempita anauliza kuna nini, na yeye anaeleza.